Barua Moja kwa Watu 63

Mtu akitaka kupeleka habari kutoka Lokandu, njia zake si nyingi. Iko njia ya mto: huenda ukingoni, hutafuta mtumbwi wenye mota unaopanda Kindu, humpa msafiri karatasi iliyokunjwa mara nne, naye huitia katika mfuko wa shati, na tangu hapo barua ile i mikononi mwa Mungu. Iko njia ya baiskeli. Iko njia ya simu, ikiwa mtandao unapatikana (rezo, kama tunavyosema hapa) na ikiwa namba ya mtu unayo. Tangu Pasaka ya mwaka 2022 iko na njia ya nne. Hiyo hutoka katika chumba chetu cha kulala, juu ya meza ambayo zamani ilikuwa ya kupigia pasi.

Leo twataka kuwasimulia njia hiyo, jinsi tulivyoitengeneza, na jinsi tulivyoiharibu siku moja.

Asiyeijua Lokandu na ajue kwamba ni mji wa mto Lualaba, chini ya Kindu, katika kile kipande cha mto kinachopitika kwa vyombo kutoka Kindu hadi Ubundu. Zamani za Waarabu na Waungwana mahali hapa paliitwa Riba-Riba. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, stima za kampuni ya reli zilishuka kutoka Kindu hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, zikichukua watu na mizigo na magunia ya posta. Wazee wetu wachache wangali wanakumbuka mlio wake. Leo gunia la posta halifiki tena. Na watu wetu wametawanyika: vita vya 1998 hadi 2003 viliwatupa wengine Kisangani, wengine Goma, wengine Kinshasa, waliobaki, watoto wao wamefuata masomo na kazi, na wachache wako Ulaya.

Mwanzo wa barua yetu ulikuwa msiba. Mzee mmoja wa shirika letu alifariki, tukamzika siku ya pili kama ilivyo desturi. Mwanawe ni mwalimu Kisangani. Alifika siku 24 baada ya maziko, na alifika kwa shughuli nyingine kabisa, akiwa na zawadi ya shati kwa baba yake. Hatukuwa na la kumwambia. Alikaa kando ya kaburi muda mrefu, kisha akatujia na kuuliza kwa sauti ndogo: “Katekista, hapa kijijini mna simu ngapi?” Tukahesabu. Upande ule tu wa barabara zilikuwa 11. Lakini namba yake ilijulikana na mtu mmoja tu, naye ni baba yake. Nayo ilikuwa ndani ya simu ya baba, na ile simu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri ambayo marehemu alikwenda nayo.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tuliposoma seminari tulifundishwa kuandika daftari za ubatizo, za ndoa na za wafu, na kuzilinda. Lakini daftari ya walio hai walio mbali, hiyo hakuna aliyetufundisha, wala hakuna aliyeiandika.

Basi tukaanza daftari. Kila aliyekuja likizo, kila aliyerudi kwa arusi au kwa matanga, tulimwomba aandike kwa mkono wake mwenyewe jina lake na anwani yake ya barua pepe. Mtatuuliza: kwa nini barua pepe, wala si namba ya simu? Kwa sababu namba ya simu hubadilika. Mtu akivuka mpaka hununua kadi nyingine, na ile ya zamani hutupwa au huchukuliwa na mtu asiyemjua. Anwani ya barua pepe humfuata mwenyewe hata akihama mara kumi. Pia haigharimu kitu kuwa nayo. Katika mwaka mmoja tulipata anwani 40. Mwaka wa pili zikafika 63.

Kompyuta tuliinunua Kindu kwa mtu aliyekuwa anahama. Ni ya kukunja, ya zamani, na mpangilio wa herufi zake ni wa Kifaransa. Tulipoifikisha nyumbani tukaona sababu ya bei yake ndogo: kitufe cha herufi K kilikuwa kimekufa. Mfaransa huenda asione hasara yoyote, kwani yeye herufi hiyo aitumia mara chache. Lakini jaribuni ninyi kuandika Kiswahili pasipo K! Hakuna Kindu, hakuna Lokandu, hakuna kanisa, hakuna katekista. Mama watoto alicheka hata akaketi chini. Dawa tuliyoipata ni hii: tulikwenda katika maandishi ya zamani yaliyokuwamo, tukanakili K moja, na kila tulipoihitaji tuliibandika kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja. Barua ya kwanza ilikuwa na K 412. Tulizihesabu, maana vidole viliuma.

Umeme twaupata kwa bamba la jua lililo juu ya paa, lenye betri moja ambayo pia huwasha taa ya watoto na kuchaji simu za majirani. Mtandao twauazima kwa simu: simu huwekwa dirishani upande wa mto, imefungwa juu ya fimbo, na kompyuta hujiunga nayo. Mega zikinunuliwa jioni, ndiyo saa ya kutuma. Mchana mtandao hutambaa kama konokono.

Tuliiita barua hiyo Habari za Nyumbani. Ndani yake mna waliozaliwa, waliooana, wagonjwa wanaoomba wakumbukwe, bei ya mchele na ya mafuta ya mawese, hali ya mto, na mwishoni kabisa waliofariki. Tuliweka sheria moja tangu mwanzo: hakuna mfu aingiaye katika barua bila mashahidi wawili waliofika nyumbani kwake. Sheria hii ilituokoa mapema, kwani mzee mmoja tulikaribia kumzika kwa maandishi. Aliyekuwa amefariki ni jirani yake mwenye jina lile lile. Mzee mwenyewe alituletea kuku ili kutuonyesha kwamba mikono yake ingali na nguvu.

Kuandika si kazi kubwa kwa mtu aliyezoea kuandaa mafundisho. Kazi ni kupunguza. Mara ya kwanza tuliweka picha 6 za komunyo ya kwanza, kama zilivyotoka katika simu, na kila picha ilikuwa na uzito wa mega 3 au 4. Sanduku la Gmail hukataa mzigo uliopita mega 25, kwa hiyo zilipita kwa shida. Hapo tulijifunza jambo lililotushangaza. Tulifikiri kwamba kupeleka barua kwa watu 40 ni kulipa mega mara 40. Sivyo! Kutoka kwetu barua hupanda mara moja tu. Huko juu, katika mashine kubwa za kampuni, ndiko inakonakiliwa na kugawanywa. Lakini kila anayeifungua hulipa mega zake mwenyewe. Kijana mmoja wa Kinshasa alituandikia kwa adabu nyingi: “Katekista, nimefurahi kuziona sura za watoto, lakini zimekula mega zangu za wiki nzima.” Tangu hapo twaweka picha moja tu, nayo tumeipunguza hata isifike sehemu ya kumi ya uzito wake wa kwanza. Sura za watoto zaonekana bado.

Yafaa tuseme kidogo asili ya chombo hiki. Mwaka 1971 fundi wa Marekani aitwaye Ray Tomlinson alipeleka barua ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao. Zile kompyuta mbili zilikuwa katika chumba kimoja, karibu karibu! Yeye ndiye aliyechagua ile alama tuiitayo arobazi, @, kutenga jina la mtu na jina la mahali alipo sanduku lake. Tafadhali likumbukeni jambo hili, kwamba upande wa kulia wa alama ile pana jina la mahali, kwa maana ndilo litakalotuumiza mbele.

Sisi watu wa mto tulikuwa na vyombo vya kuita watu wengi kwa mara moja zamani sana kabla ya Tomlinson. Tulikuwa na ngoma ya mti iliyochongwa, ambayo hupiga maneno kweli kweli, wala si mdundo tu. Mwingereza John Carrington, mmisionari wa Kiprotestanti aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza kuipiga na kuifahamu, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Baada ya ngoma ikaja fonia, redio ya misioni: kila asubuhi kwa saa yake misioni ziliitana, na Padri mmoja akiomba dawa ya malaria au sabuni, misioni zote zilisikia. Hata magazeti ya habari za misioni yamepita katika barua pepe. Mwaka 1997 Padri Giulio Albanese, Mkomboni, alianzisha huko Roma shirika la habari la MISNA, lililokusanya habari za wamisionari kutoka nchi zenye vita, nasi wa Kongo tukiwamo, na kuzitangaza kila siku. Lilifungwa mwisho wa mwaka 2015.

Ngoma na fonia vyote viwili vina tabia moja: asikiaye ajua kwamba na wengine wanasikia. Hakuna anayenong'ona kwa ngoma. Barua pepe kwa watu wengi si hivyo. Kila mtu huifungua peke yake, katika simu yake, kitandani mwake, na huiona kama barua yake. Twasema wazi kwamba tofauti hii hatukuifikiri hata kidogo. Laiti tungaliifikiri!

Katika kompyuta yetu ya Kifaransa, juu ya barua pana mistari mitatu ya kuandikia anwani. Wa kwanza ni wa yule unayemwandikia. Wa pili ni wa wenye kupata nakala, na wote huonana majina. Wa tatu una herufi Cci, nao ni wa nakala iliyofichwa: kila mmoja hupata barua, lakini hamwoni mwenzake. Hizo C mbili ni za karatasi ya kaboni. Katekista aliyetutangulia alitumia karatasi hiyo kwa mashine ya chapa, akiitia kati ya karatasi mbili, vidole vikawa vyeusi siku nzima. Sisi tuliujua mstari wa tatu. Barua 6 za kwanza tuliziandika humo. Hatuwezi kusema kwamba hatukujua.

Barua ya 7 ilikuwa ya Novemba 2023, mwezi wa marehemu, nayo ilikuwa ndefu kwa sababu ya majina. Mawingu yalifunika jua siku 2. Jioni ile betri ilikuwa imebaki sehemu 9 katika 100, simu dirishani ikawa inapata rezo na kuipoteza, na mega zilikuwa zinakwisha saa sita usiku. Tukabandika anwani zote 63 katika mstari wa kwanza, tukabonyeza. Ikaenda.

Kwa miezi mingi tuliwaambia watu kwamba ni betri. Na betri kweli ilikuwa inakufa. Lakini kubandika katika mstari wa kwanza na kubandika katika mstari wa tatu huchukua muda ule ule. Tuseme basi neno ambalo tumelisema kwa muungamishi na kwa mama watoto tu: tulitaka waone. Tulitaka mtu wa Brussels na mtu wa Goma wafungue barua na kuona mkufu ule mrefu wa majina, waseme: “Lo! Tuko wengi hivi! Na katekista wa Lokandu ndiye aliyetukusanya.” Tulikuwa tumekaa miezi 18 tukihesabu K, wala hakuna aliyetuona tukifanya kazi hiyo.

Asubuhi yake tulikuta majibu 41. Watu walikuwa wamejibu si sisi tu, bali wote. Kwanza ilikuwa furaha tupu: “Kumbe uko Lubumbashi!” “Shangazi, ni wewe?” Wawili waliosoma pamoja mwaka 1989 wakapatana. Kisha mmoja akauliza habari ya shamba la marehemu fulani, mwingine akamjibu, wa tatu akamtukana wa pili, na watu wa Ulaya wakaomba waondolewe kwa sababu simu zao zililia usiku kucha. Sisi tulisoma tukitabasamu bado. Jibu la 38 ndilo lililotufuta tabasamu. Liliandikwa kwa sisi tu, maneno machache: “Katekista, anwani yangu nilikupa wewe.”

Aliyeandika ni mjane. Jina lake na mji wake hatutasema. Mume wake alipofariki, ndugu za mume walikuja kuchukua mabati, vitanda, cherehani, na walitaka kuchukua na watoto. Kitabu cha sheria za jamaa cha nchi yetu, cha mwaka 1987 kilichorekebishwa 2016, chajua haki ya mjane katika nyumba aliyokaa na mumewe. Lakini kitabu kile hakiji chenyewe kusimama mlangoni. Yule mama aliondoka usiku kwa mtumbwi na watoto 3. Mwaka mmoja baadaye mtu alituletea kikaratasi chake: alikuwa amepata kazi katika zahanati ya mji wa mbali, akaomba apewe habari za mama yake mzazi aliye hapa kwetu, mgonjwa wa macho. Anwani aliyotupa ilikuwa ya kazini. Na upande wa kulia wa arobazi palikuwa na jina zima la zahanati ile.

Shemeji yake alikuwa namba 17 katika daftari yetu. Ni mkristu wa hapa, anakaa Kindu, aliandika anwani yake kwa mkono wake kama wengine wote.

Tulimpigia mama yule siku ile mara nyingi. Simu haikupokewa. Siku ya sita shemeji akafika nyumbani kwetu. Tulimwona akipanda kutoka mtoni, amevaa vizuri, mkononi ana kilo mbili za sukari. Aliketi, akauliza habari za watoto, akanywa maji. Kisha akasema: “Katekista, tunashukuru sana. Umetuonyesha mke wetu alipo.” Hakusema kwa dhihaka. Alishukuru kweli, kama mtu ashukuruvyo kwa mbuzi aliyepotea. Mama watoto aliichukua ile sukari akaiweka nje, juu ya mawe ya jiko, na haikuingizwa ndani.

Tulimwomba asiende. Tulimwita mjomba wa mjane na wazee wawili wa shirika, tukakaa naye hadi jioni. Alikubali kila neno, kisha kabla ya Noeli akaenda. Yaliyotokea huko tuliyasikia vipande vipande: alisimama mbele ya zahanati siku mbili, mkubwa wa kazi akaogopa ugomvi, mama yule akaacha kazi, akahama tena. Watoto hakuwapata. Mwezi wa pili mwaka 2024 tulipata barua kutoka anwani isiyo na jina la mtu wala la mahali, herufi na tarakimu tu. Ndani mlikuwa na neno moja: “Niondoe.” Tulimwondoa saa ile ile. Mama yake mzazi bado hutuuliza kila Jumapili, akishika mkono wetu kwa sababu haoni: “Kuna neno?”

Baadaye tulisoma kwamba hatukuwa wa kwanza. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta huko Marekani, alipeleka tangazo moja kwa watu karibu 400, nalo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza duniani. Anwani aliziandika wazi, na zilikuwa nyingi hata zikajaa mstari wa juu, zikafurika, zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Watu walikasirika sana. Tulisoma habari hiyo tukitafuta faraja, wala hatukuipata. Wale 400 walipoteza dakika chache tu.

Mwaka 2024, mwezi ule ule wa pili, Google na Yahoo zilianza kuwadai wapelekaji wakubwa, kwa hesabu ya Google wale wapelekao barua 5,000 kwa siku kwenye masanduku ya Gmail, wathibitishe kwamba ndio wenye barua kweli, na waweke njia rahisi ya mtu kujiondoa. Sisi wa makumi hatumo katika amri hiyo. Sanduku letu la bure lapeleka kwa watu 500 tu kwa siku, na Lokandu haitafika hapo. Lakini njia ya kujiondoa tumeiweka, tena juu kabisa, kabla ya waliozaliwa: andika neno “basi”, nasi tutakuondoa bila kuuliza sababu. Wawili wameandika. Mmoja tulitamani sana kumwuliza.

Barua ya 8 ilichelewa miezi 3. Ndani yake tuliomba msamaha kwa wote kwa kuonyesha anwani zao, bila kutaja lililotokea. Wengi walijibu kwamba hakuna neno, walifurahi kuonana, tufanye tena! Vijana walitushauri tuache mambo ya zamani, tufungue kundi la WhatsApp. Lakini katika kundi kila mmoja aona namba ya mwenzake. Ndiyo ngoma ile ile. Tulikataa, na tuliitwa wazee, nasi hatujafika miaka 40.

Sasa twatuma hivi. Barua hutayarishwa siku 3 kabla, jua likiwako au lisiweko. Kwanza hujipelekea sisi wenyewe, tuisome katika simu kama mtu wa mbali atakavyoisoma. Makosa ambayo kompyuta iliyaficha, simu huyatoa. Mstari wa kwanza una anwani yetu peke yake. Zote nyingine zi katika Cci. Kabla ya kubonyeza, mama watoto huja kuketi upande wa kulia, na daftari magotini, atazama ule mstari wa kwanza kwa macho yake, kisha asema: “Tuma.” Asiposema, hatutumi. Tena tumepitia daftari nzima na kumwuliza kila mtu ambaye anwani yake ni ya kazini kama anayo nyingine isiyotaja mahali. Watu 9 walikuwa nazo. Wengine walishangaa kwa nini twauliza.

Kitufe cha K kilitengenezwa Kindu mwaka jana, kwa bei ya sahani ya wali na samaki.

Liko jambo moja ambalo halijakwisha. Namba 17 bado yumo katika daftari. Hajaandika “basi”, na kila mwezi barua humfikia kama wengine. Mara mbili tumeweka kidole juu ya anwani yake ili tuifute, na mara mbili mama watoto ameushika mkono wetu. “Huyo naye,” asema, “ana wafu wake hapa.” Kisha hutazama tena ule mstari wa kwanza, na kusema tuma.